Kufuli Kuukuu Yageuka Bangili: Anza Usonara kwa Tupa, Si kwa Pesa

Kufuli ikiharibika, mwenye nyumba huitupa. Mfereji ukivuja hata fundi wa bomba akashindwa, nao huishia ndani ya gunia la mwokota vyuma. Kwa wengi wetu safari ya vitu hivyo humalizikia hapo. Lakini kwa mafundi wa Kibera na Kawangware, hapo ndipo safari huanza. Vipande hivyo vya rangi ya manjano huyeyushwa, hupigwa tupa, husuguliwa kwa msasa, kisha hurudi mjini vikiwa bangili, vipuli na mikufu ambayo mwenye kufuli hawezi tena kuitambua.

Kazi hii imewafikisha mafundi wetu mbali. Mwaka wa 2011, mbunifu mashuhuri wa mavazi kutoka Uingereza, Vivienne Westwood, alipigia picha za matangazo yake hapa Nairobi, akiitangaza mikoba iliyotengenezwa na mafundi wa humu humu jijini. Mwaka uliofuata, Mkenya Catherine Mahugu pamoja na Ella Peinovich na Gwendolyn Floyd walianzisha Soko, kampuni iliyotumia simu ya mkononi kuwaunganisha watengenezaji wa mapambo na wanunuzi wa ng'ambo. Na anayetembelea Soko la Wamaasai, ambalo huhama mahali hadi mahali kulingana na siku ya wiki, huona shaba na mfupa vimetandazwa juu ya mashuka na watalii wameinama wakichagua.

Swali letu Jumapili hii ni hili: je, mwanafunzi aliye likizoni, au mzazi anayetafuta shughuli ya kufanya na watoto badala ya kukaa mbele ya runinga mchana kutwa, anaweza kujifunza usonara kama uraibu tu? Jibu ni ndiyo, tena kwa gharama ndogo. Sharti ni moja: usianzie dukani. Wapo wanaoanza kwa kununua sanduku zima la vifaa, fedha halisi na mawe ya bei. Wiki mbili baadaye fedha imekatwa vibaya, jiwe limepasuka, na sanduku limesukumwa chini ya kitanda. Mwenye busara huanza na shaba, tupa moja na fundi wa mtaani kwake. Mkono ukishazoea, fedha na vito vitafuata.

Ijue shaba yako

Kuna shaba nyekundu, ile iliyo ndani ya nyaya za umeme, ambayo mafundi wa jua kali huiita kopa. Halafu kuna shaba ya manjano, yaani brasi, ambayo ni kopa iliyochanganywa na zinki. Kopa ni laini na hupindika kwa urahisi, kwa hiyo inamfaa anayeanza kazi ya waya. Brasi ni ngumu zaidi, hushika umbo lake vizuri, na ikisuguliwa hung'aa kama dhahabu.

Si kila kinachong'aa manjano ni brasi. Kufuli nyingi za bei rahisi ni chuma kilichopakwa rangi tu. Njia ya kujua ni nyepesi: chukua sumaku. Ikinata, hicho ni chuma. Isiponata, kwaruza kidogo kwa tupa mahali pasipoonekana. Ukiona manjano mpaka ndani, umepata brasi.

Shaba ina tabia moja inayowashangaza wanaoanza. Kadiri unavyoigonga au kuipinda, ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, na mwishowe hupasuka. Dawa yake ni moto. Ipashe mpaka iwe nyekundu iliyofifia ukiitazama ukiwa kivulini, kisha itumbukize majini, nayo italainika tena. Chuma cha pua ni kinyume chake: kikipashwa moto na kutumbukizwa majini huwa kigumu zaidi. Ndiyo maana mhunzi wa mapanga akija kwa sonara huona kana kwamba mambo yamepinduliwa.

Vifaa vichache vinatosha

Kwa miezi mitatu ya kwanza huhitaji mashine yoyote. Tafuta tupa mbili, moja bapa na moja yenye mgongo wa mviringo. Tafuta koleo mbili ndogo, moja yenye mdomo bapa na nyingine yenye mdomo mviringo wa kupindia waya. Ongeza mkasi wa kukatia bati, nyundo ya mti au ya mpira, na karatasi za msasa za ukali tofauti, kwa mfano namba 220, 400 na 600. Ukiwa na rula, kalamu ya wino usiofutika na kitambaa cha pamba, karakana yako imekamilika.

Msumeno mwembamba wa sonara, ule wenye uzi kama unywele, unaweza kusubiri. Nyuzi zake hukatika ovyo mkononi mwa anayeanza, na kila uzi ni pesa.

Kazi ya kwanza: bangili ya mdomo wazi

Bangili isiyofungwa ni mwalimu mzuri, kwa maana haihitaji kulehemu. Zungusha ukanda wa karatasi kwenye kifundo cha mkono, pima urefu wake, kisha punguza kama sentimita mbili na nusu ili kuacha mlango wa kupitishia mkono. Kwa mtu mzima wa umbo la kawaida, mara nyingi utabaki na sentimita 15 hivi. Kata ukanda wa bati la brasi wenye urefu huo na upana wa sentimita moja, unene wa milimita moja.

Sasa ndipo kazi yenyewe inapoanza. Viringisha ncha zote mbili kwa tupa mpaka ziwe kama ukucha. Pitisha tupa kwenye kingo zote ili zisikate ngozi. Tupa hukata inaposukumwa mbele tu. Wakati wa kuirudisha, inyanyue. Anayeisugua mbele na nyuma kama anayekwangua sufuria huimaliza makali bure.

Baada ya tupa, chukua msasa mkali, halafu wa wastani, halafu laini, ukiulowesha maji. Usiruke hatua. Mkwaruzo wa msasa wa 220 hauondolewi na ule wa 600, utakaa hapo ukikucheka. Ukimaliza, laza ukanda juu ya chupa nene au kipande cha bomba na uupinde polepole kwa nyundo ya mti, ukianzia kwenye ncha na kumalizia katikati. Nyundo ya chuma itaacha makovu.

Mwisho, sugua kwa ndimu na chumvi, au kwa ukwaju uliolowekwa, suuza kwa maji na ukaushe kabisa. Bangili ikiacha rangi ya kijani mkononi, usiogope. Hiyo ni shaba iliyokutana na jasho, na huoshwa kwa sabuni.

Anayetaka pete afuate njia hiyo hiyo. Pima kidole kwa karatasi wakati wa jioni, kwa sababu asubuhi yenye baridi kidole huwa kimesinyaa. Kisha ongeza mara tatu ya unene wa bati lako. Kidole cha milimita 55 na bati la milimita moja vinahitaji ukanda wa milimita 58. Ukiisahau hesabu hiyo, pete haitaingia.

Kazi ya pili: kigae badala ya kito

Wengi husema watajifunza kuvalisha mawe watakapopata pesa za kununua mawe. Masonara wa Lamu wametuonyesha njia nyingine. Kwa miaka mingi wamekuwa wakichukua vipande vya vyombo vya kaure vya kale, vilivyovunjika na kusukwasukwa na bahari, wakavivalisha ndani ya fedha. Pete ya kigae cha Lamu yenye ua la buluu huvaliwa kwa fahari sawa na pete ya kito.

Kila nyumba ya Nairobi ina kikombe kilichovunjika. Chagua kipande chenye maua, kizungushie kitambaa, na umwombe mtu mzima akivunje kifikie ukubwa wa sarafu. Kisha kisugue kingo zake juu ya jiwe la kunolea visu, ukilimwagia maji bila kukoma. Ni kazi ya subira ya jioni kadhaa. Kikishakuwa cha mviringo na hakikwaruzi tena, kizungushie waya wa kopa mara mbili, usokote ncha zake juu uwe kitanzi, na tayari una kidani cha kuning'iniza kwenye uzi au mkufu.

Kibera ina kito chake cha aina hii, nacho ni mfupa wa ng'ombe. Mafundi hununua mifupa kutoka machinjioni, huichemsha kuondoa mafuta, huikata, huisugua mpaka ilainike kama pembe ya ndovu, na wengine huipaka nta na rangi kwa mtindo wa batiki ili ipate michoro ya kahawia na nyeupe. Machinjio ya Dagoretti hayako mbali na Kawangware, kwa hiyo malighafi iko karibu. Tangu biashara ya kimataifa ya pembe za ndovu ipigwe marufuku mwaka wa 1989, mfupa huu umekuwa mbadala halali. Shanga za mfupa zilizokwisha kusuguliwa, ukizinunua kwa fundi mwenyewe, ni kianzio kizuri kwa watoto, kwa sababu huhitaji tu kuzitunga.

Na vito vyenyewe?

Kenya ni nchi ya vito, ingawa wengi wetu hatujawahi kuvishika. Mwanajiolojia Campbell Bridges aliliona jiwe la kijani kibichi kwanza nchini Tanzania mwaka wa 1967, kisha mapema katika miaka ya 1970 akalipata Taita Taveta. Mwaka wa 1974 kampuni ya Tiffany ya New York ikalitangaza kwa jina la tsavoraiti, kwa heshima ya Tsavo. Bridges aliuawa karibu na Voi mwezi wa Agosti mwaka wa 2009 katika mzozo uliohusu migodi. Katika eneo hilo hilo la Tsavo huchimbwa pia yakuti nyekundu.

Kabla ya kununua jiwe lolote, jifunze ugumu wake. Mwaka wa 1812, Friedrich Mohs alitunga kipimo cha kuanzia 1 hadi 10. Almasi ni 10, yakuti ni 9, tsavoraiti ni 7 na kidogo, ukucha wa binadamu ni 2 na nusu. Namba ya kukumbuka ni 7, kwa sababu huo ndio ugumu wa chembe za mchanga zilizomo katika vumbi la kila siku. Jiwe lililo chini ya 7 litakwaruzwa na vumbi la Nairobi ukilivaa kama pete. Malakaiti ya kijani inayotoka Kongo ni nzuri mno, lakini ugumu wake haufiki 5, kwa hiyo iweke kwenye kidani au vipuli, si kwenye pete ya kuoshea vyombo.

Anayeanza asinunue jiwe lililochongwa pembe nyingi za kumetameta. Hilo lina kazi ya kitaalamu. Nunua lile lenye tumbo bapa na mgongo wa kobe. Hilo huzungushiwa ukuta mwembamba wa shaba au fedha, kisha ukuta ukasukumwa kidogo kidogo juu ya jiwe mpaka likashikwa. Ukuta hulehemiwa kwanza, jiwe likaingia mwisho, kwa maana moto hupasua mawe mengi. Nunua kwa mwenye duka anayekupa risiti. Sheria ya Madini ya mwaka wa 2016 inamtaka mfanyabiashara wa madini awe na kibali, na mtu anayekunong'onezea kona ya barabara kwamba ana yakuti mfukoni huenda ana chupa iliyosagwa.

Moto, moshi na vumbi

Hapa tunaomba mzazi asome mara mbili. Kazi hii ni salama ikifanywa kwa akili, lakini chumba kimoja cha kulala, kupikia na kusomea si karakana.

Usiwashe jiko la makaa ndani ya nyumba iliyofungwa ili upashe shaba. Hewa yake ya sumu haina harufu, na huua watu wakiwa usingizini. Waya mwembamba wa kopa unaweza kupashwa juu ya mwali wa mtungi mdogo wa gesi, nje au karibu na dirisha lililo wazi, ukiushika kwa koleo.

Usipashe moto waya wala bati lililopakwa zinki, kama lile la kuezekea. Mvuke wa zinki huleta homa kali ya kutetemeka saa chache baadaye. Kwa sababu hiyo hiyo usijaribu kuyeyusha brasi nyumbani. Brasi huyeyuka kwenye joto la nyuzi 900 na zaidi, na joto hilo ni karibu sawa na lile la kuchemsha zinki iliyomo ndani yake. Hiyo ni kazi ya fundi mwenye tanuri mahali pa wazi.

Ukitoa kopa kwenye waya wa umeme, menya plastiki kwa kisu. Usiichome. Moshi wake ni sumu kwako na kwa jirani.

Vumbi la mfupa, kigae na mawe lisipeperuke: sugua kwa maji na ufunike pua. Brasi kuukuu mara nyingi huwa na risasi kidogo, kwa hiyo nawa mikono kabla ya kula na usimpe mtoto mchanga pambo la kufuli atafune. Na kulabu ya kipuli inayopita ndani ya sikio iwe ya fedha au chuma kisichoshika kutu, si ya brasi.

Shaba ya nani?

Shaba ina pesa, na penye pesa pana wizi. Mwezi wa Januari mwaka wa 2022, baada ya minara ya kusafirishia umeme kuharibiwa, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchini kote. Marufuku hiyo iliondolewa mwezi wa Mei mwaka huo huo, kukiwa na masharti makali zaidi. Sheria ya Vyuma Chakavu ya mwaka wa 2015 inataka mfanyabiashara awe na leseni.

Kwa mwenye uraibu, jambo hili ni jepesi. Anza na vya nyumbani kwako: kufuli yako, mfereji wako, mabaki ya waya aliyoacha fundi wa umeme. Ukinunua, nunua dukani au kwa muuzaji mwenye leseni, na uweke risiti. Kijana anayekuletea nyaya nene za kopa usiku kwa bei ya kutupa, mwambie aende zake. Bangili haistahili mtu kulala kituo cha polisi.

Fundi ni mwalimu, mlipe

Kitabu hakiwezi kukuonyesha rangi ya shaba iliyoiva motoni. Fundi anaweza, kwa dakika moja. Ndiyo maana mwanafunzi wa uraibu huu anayeishi Nairobi ana bahati: kutoka Olympic na Makina huko Kibera mpaka vibanda vya jua kali kandokando ya Barabara ya Naivasha huko Kawangware, kuna watu wanaoshinda na vyuma kutwa.

Waendee kwa adabu. Usiingie kibandani ukipiga picha kabla ya salamu. Mwendee wakati wa mchana kazi inapopungua, si asubuhi anapokimbizana na oda, umwambie, "Shikamoo fundi, pole kwa kazi. Ningependa unifunze kulehemu, na niko tayari kulipia muda wako." Katika jua kali mwanagenzi hulipa ada, na wewe hustahili kuwa tofauti eti kwa sababu unajifurahisha tu. Wengi wa mafundi hawa hulipwa kwa kipande. Saa anayokuonyesha wewe ni saa ambayo hatengenezi bangili za kuuza.

Mpelekee kufuli zako kuukuu, umlipe azimimine kwenye mchanga ziwe mche mdogo au umbo la pete. Kisha rudi nazo nyumbani, uzipige tupa na msasa wewe mwenyewe. Kazi ya moto imebaki kwake, kazi ya mkono imekuwa yako, na wote wawili mmefaidika.

Kuna jambo moja linalohitaji kusemwa wazi. Ukishakuwa stadi, marafiki wataanza kukuomba uwauzie. Si vibaya. Lakini ukichukua umbo alilobuni fundi aliyekufunza, ukaliuza kwa nusu ya bei yake kwa sababu wewe una mshahara au unalishwa na wazazi, utakuwa umemnyang'anya mwalimu wako sahani. Buni umbo lako. Na unapopanga bei, hesabu shaba, jiwe, nauli, gesi na kila saa uliyokaa na tupa. Bei ya haki kwako ni kinga kwa fundi pia.

Kwa kijana atakayegundua kwamba uraibu umekuwa wito, mlango haujafungwa. Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, hutoa mitihani ya ufundi ya ngazi ya tatu, ya pili na ya kwanza, na stadi aliyejifunzia kibandani anaweza kupimwa na kupata cheti.

Lakini hayo ni ya kesho. Leo alasiri, kabla ya kufikiria dhahabu na yakuti, ombeni sumaku ya mtoto mwenye vitu vya kuchezea, mpekue sanduku la vifaa vilivyoharibika, na mzijaribu kufuli zote moja moja. Ile isiyonata iwekeni kando. Mgaagaa na upwa hali wali mkavu.